Anayesadiki ni Nani?

Awadhi yuko hai. Ni vizuri hilo lijulikane kabla ya mengine yote, kwa sababu watu wengi pale Bukoba waliisikia habari hii kinyume, na wapo waliokwisha kulia kabla ya kuambiwa waache. Yuko hai, amepungukiwa meno mawili, na mke wake anasema siku hizi anakoroma kwa sauti tofauti.

Ilianza Jumatatu moja ya mwezi wa kumi na moja, saa tatu asubuhi. Annastella alikuwa kibanjani kwake Nyanga, shambani nyuma ya nyumba, akikata majani makavu ya migomba, alipoona pikapu ya Burhani inasimama njiani. Burhani ana duka la vitambaa mjini, na si mtu wa kuacha duka Jumatatu. Alishuka ameishika simu kwa mikono miwili, akapita katikati ya migomba bila kutazama anakanyaga wapi.

"Mwalimu, nimekuja unisomee kitu."

"Karibu, Baba Awadhi. Si Kiingereza unakisoma mwenyewe?"

"Cha kwenye risiti. Hiki siwezi."

Annastella ni mjane wa miaka sitini na mitatu. Alifundisha Kiingereza miaka ishirini na sita katika shule ya sekondari huko Muleba, na Awadhi alikuwa mwanafunzi wake wa bweni, mtoto wa mjini aliyependa kubishana juu ya maana za maneno hadi wenzake wakamchoka. Alipomaliza shule hakwenda chuo. Akawa mpishi melini, katika meli ndogo ya mizigo iliyozunguka bandari za Ghuba, na kila alipokuja likizo alipita Nyanga kumsalimia mwalimu wake.

Annastella alifuta mikono kwenye kitenge, akaipokea simu. Ulikuwa ujumbe kutoka ofisi ya kampuni yenye meli.

"Dada wa steshenari amenitafsiria," Burhani alisema. "Anasema meli imezama Jumamosi, na kampuni inaamini Awadhi alikuwa ndani. Dada yangu Siti ameshatandika mikeka. Lakini mama yake Awadhi kasema nisirudi nyumbani mpaka nimefika kwako."

Annastella alisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa juu ya gogo, akasoma tena. Meli ilikuwa imezama kweli, hilo liliandikwa wazi. Baada ya pole kulikuwa na sentensi moja fupi: "Your son is believed to have been on board."

Burhani alisimama mbele yake kama mtu anayesubiri kupimwa.

"Baba Awadhi, hapa hawajasema kwamba wanajua."

"Wamesema wanaamini."

"Hata hivyo hawajasema. Wangeandika kwamba wao wanaamini, ningejua ni wao, ningejua pa kuwashika. Hapa wameandika…" Alitafuta neno. "Wameandika kwamba inasadikiwa. Kama redioni wanavyosema, inasadikiwa watu kumi wamejeruhiwa."

Burhani alilirudia neno hilo polepole. "Inasadikiwa. Na anayesadiki ni nani?"

"Hapo ndipo pamefichwa."

Annastella ni Mkatoliki. Kila Jumapili anasimama na wenzake na kusema nasadiki, na anaposema hivyo anajua ni yeye, Annastella, anayejifunga kwa neno lake. Lakini kitenzi hicho hicho ukikitia mkia, kikawa inasadikiwa mdomoni mwa mtangazaji, kinakosa mwenyewe. Kiingereza nacho kina tabia hiyo. Mtu akisimama na kusema anaamini, pengine yuko tayari kufa kwa hilo. Ukiligeuza neno lisemwe bila mtu, linakuwa kama koti lililotundikwa mlangoni.

"Sisi madrasa tulifundishwa," Burhani alisema. "Kuna yakini, kuna dhana, kuna shaka. Hili liko wapi?"

"Dhana," Annastella alijibu. "Dhana iliyovaa tai."

"Basi mwanangu hajafa?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa tangu sentensi ile ya kwanza.

"Sijui. Neno haliwezi kumtoa mtu majini, Baba Awadhi. Ninachokuambia ni kwamba hawa watu hawajui, na wameandika kwa namna ya kutufanya tusigundue kuwa hawajui."

Walikaa palepale kibanjani wakaandika jibu. Annastella aliuliza kwa Kiingereza kilichonyooka: Ni nani anayeamini hivyo? Je, kuna aliyemwona Awadhi akipanda meli siku ile? Orodha mliyotumia iliandikwa lini, katika bandari gani? Mwisho akaandika kwamba familia inaomba itenganishiwe yale ambayo kampuni inayajua na yale inayoyadhani tu. Akaweka jina la Burhani chini, akatuma.

Nyumbani kwa Burhani mikeka ilikuwa imetandikwa kweli, na majirani wameanza kujaa uani. Bi Siti, dada mkubwa wa Burhani, ndiye aliyekuwa akipanga kila kitu: sufuria ziazimwe wapi, nani apigiwe simu, nani akamchukue Yasmin. Yasmin, mke wa Awadhi, alikuwa kwao Muleba wiki ya pili akimuuguza mama yake mguu, na hakuna aliyekuwa amemwambia lolote.

Annastella alipoeleza alichosoma, Bi Siti alimtazama kwa macho mekundu.

"Mwalimu, sisi tumefiwa, wewe unatuletea sarufi."

Annastella aliona Bi Siti hana kosa. Mwanamke yule alikuwa amewazika watu wengi, na alijua kwamba kazi za mikono ndizo zinazomshikilia mtu asianguke.

Sada, mama yake Awadhi, hakuwa uani. Alikuwa chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Mwalimu, niambie vilevile lilivyo," alisema. "Usiongeze, usipunguze."

Annastella akamwambia. Sada alisikiliza hadi mwisho.

"Basi nitasubiri," alisema. "Kusubiri naweza."

Bi Siti alikuwa amewafuata mlangoni. "Na Yasmin je? Yule anatakiwa aanze eda. Nimeshapanga gari. Ataambiwa mama mkwe anaumwa, akifika hapa ndipo atajua."

"Mtoto wa watu asidanganywe njiani," Sada alisema.

"Na eda ya dhana haipo, dada," Burhani akasema. Alisema kwa upole, lakini Bi Siti alimjua ndugu yake, akarudi uani.

Jumanne saa nne asubuhi jibu likaja. Burhani alikwenda nalo mbio Nyanga. Lilikuwa fupi kuliko la kwanza. Kampuni ilisema watu wanne wameokolewa na meli nyingine, ambayo bado haijafika bandarini. Awadhi hakuwa miongoni mwao. Yeye na wengine watatu "are presumed dead".

Annastella alirudi mwanzo wa sentensi.

"Soma," Burhani alisema.

"Wanasema wanachukulia kwamba amefariki."

"Wanachukulia?"

"Ndiyo. Ni neno zito kuliko la jana, linatumika hata mahakamani. Maana yake wameamua kulishika jambo kuwa ni kweli mpaka litokee la kulipinga. Lakini hakuna walichoongeza kukijua. Swali la orodha hawajajibu. Swali la nani alimwona hawajajibu."

"Yaani wamechoka kutafuta."

"Au hawajaanza."

Burhani alifumbata simu kiganjani. "Siti akilisikia hili, gari litaondoka kwenda Muleba sasa hivi. Twende sisi kwanza, Mwalimu. Yasmin alipate kutoka kwako, kama mama Awadhi alivyolipata."

Wakaondoka wawili. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na barabara ilikuwa inang'aa. Walipofika Kanazi, Annastella aliona vichaka vya kahawa pembezoni, akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Hapa ndipo kwao marehemu Alexander, mume wangu. Alipolazwa, daktari mgeni aliniambia kwa Kiingereza kwamba wana matumaini. Neno lilikuwa hilo tu, matumaini. Mimi nikatoka nje nikawaambia shemeji zangu madaktari wana uhakika atapona. Nilikuwa nimefundisha tofauti ya maneno hayo miaka ishirini, nikalibadilisha moja kwa lingine kwa sababu nililitaka lile. Wao wakarudi Kanazi kuanika kahawa. Alhamisi akafa, na ndugu zake hawakuwepo."

Burhani alipunguza mwendo.

"Waliwahi kukulaumu?"

"Hapana. Wanadhani daktari ndiye aliyekosea."

"Hukuwaambia?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

Walipita Kemondo, ziwa likaonekana upande wa kushoto na kupotea tena nyuma ya migomba.

"Jana nilikukasirikia," Burhani alisema. "Nilitaka uniambie yuko hai, ungeniambia ningekubusu miguu. Ukanipa kilichokuwemo tu. Sasa nakushukuru." Kisha akaongeza, "Nenda ukawaambie shemeji zako. Ni watu wazima, watakusikiliza."

Annastella alitazama dirishani. Kifua kilimlegea kidogo, kama mtu aliyefungua kifungo kimoja cha gauni linalobana.

Yasmin aliwaona kutoka mbali akaja akikimbia, akifurahi, kisha akaona nyuso zao akapunguza mwendo. Mama yake alikuwa amekaa barazani, mguu juu ya kigoda. "Karibuni waitu," alisema, kwa neno la heshima la Kihaya, na kabla ya chochote akawasogezea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama heshima inavyotaka.

Annastella alimwambia Yasmin yote kwa mpangilio: meli imezama, wanne wameokolewa, Awadhi si mmoja wao, na kampuni inachukulia kwamba amefariki bila kusema imejuaje.

Yasmin hakupiga kelele. Alikunja uso kama mtu anayejaribu kuelewa hesabu.

"Jumamosi? Ilizama Jumamosi?"

"Usiku wa Jumamosi."

"Lakini Jumamosi alikuwa anakwenda kung'oa jino."

Burhani akainuka. "Jino gani?"

"Alinitumia sauti Ijumaa. Nikajua ameshasafiri, ndiyo maana kimya. Huwa anakaa hata wiki." Alikuwa tayari ameshaitafuta kwenye simu. Akaiweka barazani katikati yao, akaibonyeza.

Sauti ya Awadhi ikatoka, nzito, ya mtu mwenye maumivu. "Mama Salma wangu, shavu limevimba mpaka jicho linafumba. Nahodha kaniruhusu nishuke kesho nikang'olewe. Wao wanaondoka kesho jioni. Nikichelewa sidhani kama watanisubiri. Simu nitaiacha chaji, nisije nikaibiwa huko. Msalimie mama. Usinijibu kwa maneno marefu, sitaweza kucheka."

Wote wanne walibaki wakiitazama simu ile. Salma, mtoto wao wa miaka miwili, alitoka ndani kwa sababu alisikia sauti ya baba yake, akauliza yuko wapi.

"Rudia," Burhani alisema. Yasmin akarudia. "Sidhani kama watanisubiri," Awadhi alisema tena.

Siku mbili watu wazima walikuwa wamemficha Yasmin habari ili asiumie, na muda wote huo yeye ndiye aliyekuwa na kitu ambacho kampuni, ofisi na mikeka yote ya Bi Siti havikuwa nacho. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Annastella aliandika haraka. Safari hii hakuuliza. Aliwaambia: Mtu huyu alishuka Jumamosi kwa ruhusa ya nahodha, alikuwa na jipu la jino, simu yake ilibaki melini. Mtafuteni katika hospitali za bandari hiyo, leo. Burhani akatuma, kisha akapiga namba iliyokuwa chini ya ujumbe, na Annastella akayarudia yote kwa mdomo kwa mwanamume aliyesema ngoja, ngoja, niandike.

Wakakaa kusubiri. Mama yake Yasmin aliagiza ndizi zimenywe, kwa sababu wageni hawawezi kukaa tu. Yasmin alikuja akachuchumaa karibu na Annastella.

"Mwalimu, wewe unaamini yuko hai?"

Burhani aligeuka kusikiliza. Annastella aliliona lile neno limewekwa mbele yake kama kikombe, na alijua akisema ndiyo, binti huyu atakinywa chote.

"Natumaini," alisema. "Tangu nisikie sauti yake natumaini sana, kuliko jana, kuliko asubuhi. Kuamini bado sijafika."

"Mimi naamini."

"Ni haki yako. Wewe ni mke wake."

Yasmin aliinamisha kichwa, akatabasamu kidogo. Jibu lile lilimtosha. Baadaye alisema kwamba kama mwalimu angemwambia naamini, angedhani anabembelezwa, lakini aliposikia natumaini sana alijua kuna kitu cha kushika.

Saa tisa kasoro simu ya Burhani ikaita, namba ndefu ya nje. Aliipokea akaiweka sikioni, kisha akaitoa, akampa Annastella, kwa sababu mtu alikuwa anaongea Kiingereza. Annastella alisikiliza. Akaweka mkono kifuani.

"Anasema yuko wodini, amesimama karibu na kitanda chake. Anampa simu."

Akabonyeza ili wote wasikie. Kwanza kukawa na mikwaruzo. Kisha ikaja sauti isiyoeleweka, kama ya mtu mwenye ndizi ya moto mdomoni.

"Nani wewe?" Burhani alifoka. "Sema jina lako!"

Sauti ikavuta pumzi.

"Ndiye," Yasmin alisema, na machozi yakamtoka yote kwa mara moja. "Ndiye huyo. Anavuta pumzi hivyo."

Alikuwa ni Awadhi. Jipu lilikuwa limeshuka hadi shingoni. Aliyekwenda kung'oa jino moja alipasuliwa akang'olewa mawili, akalala na homa siku mbili bila kujitambua vizuri. Alipopata nafuu alitaka kupiga simu nyumbani, akakuta hakuna namba hata moja anayoikumbuka kichwani. Alikuwa amelala pale akiwakasirikia wenzake kwa kumwacha na kuondoka na simu yake. Mtu wa kampuni ndiye aliyemwambia kwamba meli ilizama. Hapo wakamsikia Awadhi analia, kwa sababu kati ya wale watatu wasioonekana mmoja alikuwa mwenzake wa jikoni, na yule ndiye aliyemfungia chakula laini cha kula baada ya kung'olewa jino.

Annastella alisikia hilo akawaza akina mama watatu mahali fulani, wamekalishwa na mtu awasomee sentensi ileile. Alitamani wawe nao wameuliza. Alijua pia kwamba kwao kuuliza pengine hakutasaidia kitu. Alitoka akasimama kidogo nyuma ya nyumba, akawaombea.

Aliporudi, Burhani alikuwa anaongea na Sada kwenye simu nyingine, au tuseme alikuwa anajaribu, kwa sababu kila akianza sentensi ilimkatikia. Mwishowe Yasmin akamnyang'anya.

"Mama, yuko hai. Nimemsikia mimi mwenyewe."

Sada akasema, "Alhamdulillahi," mara moja, kwa sauti ya chini, na baada ya hapo wakamsikia anaiweka simu kitandani na kwenda zake, akiwaita watu kwa majina, mmoja mmoja.

Walikula ndizi zile Muleba kwa haraka, wakaondoka, Yasmin na Salma wakiwa katikati yao. Karibu na Kemondo Burhani alisimamisha gari, akasema anashuka kununua samaki. Hakununua. Alisimama kando ya barabara, mikono kwenye boneti, mabega yakitikisika. Annastella alimzuia Yasmin asishuke. Wakamwacha mpaka alipomaliza, akajifuta uso kwa shati, akarudi kwenye usukani akisema samaki wa leo si wazuri.

Jioni kabla jua halijazama walifika Bukoba. Mikeka ilikuwa bado imetandikwa na sufuria ziko motoni, maana Bi Siti alisema mchele ukishapimwa umepimwa. Aliagiza pilau, akaongeza mbuzi wa pili. Alimkuta Annastella mlangoni akamkumbatia kwa nguvu, akamwambia sikioni, "Mwalimu, kaa karibu na mimi ule."

Watu waliendelea kuja kuhani, maana habari mbaya ilikuwa imeondoka mapema na ile nzuri ilikuwa bado njiani. Mama mmoja kutoka Nyanga alifika na mkungu wa ndizi kichwani, akiwa ameanza kulia tangu kona. Walipomwambia mtoto yuko hai, aliutua mkungu, akaendelea kulia hadi akamaliza, kisha akauliza chakula kinapakuliwa wapi.

Burhani alikuwa getini. Kila aliyefika alimpokea mwenyewe, akamshika mkono na kumwambia, "Yuko hai. Amethibitishwa. Pita ndani ule." Alilisema mara ishirini, mara thelathini, na hakulichoka. Wageni walipokwisha alitoka hadi barabarani, akawaambia vijana wa bodaboda waliokuwa wamepaki pale, ambao hawakumjua Awadhi hata kidogo, nao wakampa mkono.